Nyota, Vistari na Daftari la Mradi

Kazi ya watu wengi haiendi bila daftari, na daftari la mradi wa kompyuta lina tabu yake ya pekee, kwa kuwa kile kinachoandikwa humo leo huenda kesho kikawa si kweli tena, na atakayekisoma mwakani aghalabu si yule aliyekiandika. Nilipoajiriwa Dar es Salaam, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, niwe mwandishi wa miongozo katika mradi wa programu ya kuhesabu dawa zilizomo katika stoo za vituo vya afya, nilikuta maarifa ya mradi yametawanyika katika faili za Word zilizosafiri kwa flashi kutoka meza hadi meza, kila moja ikidai kuwa ndiyo ya mwisho, wala hapakuwa na kadhi wa kuamua baina yao. Nakusudia kueleza jinsi daftari hilo lilivyobadilika, kwanza likawa wiki, kisha wiki yenyewe ikafundishwa kusoma alama nyepesi ambazo haikuzaliwa nazo. Kwani katika mabadiliko hayo, ambayo kwa mtu wa nje yataonekana madogo kama kubadili wino, ndimo nilimotambua ni nani hasa mwenye ruhusa ya kuandika katika kazi ya pamoja, na ruhusa hiyo hutolewa na kitu gani.

Wiki, kwa asili yake, ni kitabu ambacho kila msomaji amekabidhiwa kalamu. Aliyeianzisha, Mmarekani Ward Cunningham, aliiweka ya kwanza kwenye intaneti tarehe 25 Machi 1995 ili waandishi wa programu waandikiane uzoefu wao, na tangu mwanzo huo alikata shauri kwamba mwandishi asilazimishwe kuijua HTML, lugha ya kurasa za tovuti, ambayo kila neno la kutiliwa mkazo ndani yake sharti lifungwe kwa mabano ya pembe mbele na nyuma. Bali aandike maandishi ya kawaida, akitia alama chache tu, nayo mashine iyageuze kuwa ukurasa. Mafundi wetu walichagua Trac, programu ya asili ya Uswidi iliyoanza kutolewa mwaka 2004, nayo iliwapendeza kwa sababu iliweka chini ya paa moja wiki, tiketi za kasoro na historia ya msimbo wenyewe: ukiandika #12 katika ukurasa wowote, papo hapo huwa kiungo cha kukupeleka kwenye tiketi ya kumi na mbili, na ukibandika pamoja maneno yenye kuanza kwa herufi kubwa, mathalan MwongozoWaStoo, huwa jina la ukurasa, na kama ukurasa huo haujakuwapo, wiki hukukaribisha uuandike.

Alama za wiki hiyo, nyingi zikiwa zimerithiwa kutoka katika wiki nyingine iitwayo MoinMoin, hazikuwa nyingi, lakini zilitaka utii. Ritifaa mbili kila upande wa neno huzaa herufi za mlazo, na tatu huzaa herufi nzito. Alama ya sawasawa mwanzoni na mwishoni mwa mstari hufanya kichwa cha habari. Mabano matatu ya mawimbi hulinda msimbo usiguswe. Sisi tuandikao Kiswahili ritifaa zilitutia wasiwasi, na dada mmoja wa idara ya mafunzo, kila alipoeleza habari ya dawa zitokazo ng'ambo, aliandika "ngambo" kwa hofu ya kuivuruga mashine, hata baada ya kuhakikishiwa kwamba ritifaa moja peke yake huachwa ilivyo. Taabu iliyo dhahiri zaidi ilitokea katika ukurasa wa mbele, mwenzetu mmoja alipotunga ubeti wa kuwakaribisha wageni, mishororo minne yenye vina vya kati na vya mwisho, akauhifadhi, akautazama, akakuta mishororo yote imeungana ikawa aya moja, kwa sababu mashine haiuhesabu mstari mpya kuwa kitu mpaka mwandishi atie [[BR]] mwishoni mwa ule uliotangulia. Alizitia, na ubeti ukasimama. Walakini kila aliyefungua ukurasa huo ili auhariri alikutana kwanza na mabano, kisha na herufi za kigeni, na vina akaviona mwisho kabisa.

Matokeo yake wiki ikawa ni ya mafundi. Wakufunzi waliokwenda wilayani na watunza stoo waliokuwa wakiijaribu programu hawakuandika humo, si kwa kukatazwa, kwa maana nenosiri walikuwa nalo. Walituma barua pepe, nami na dada yule tukawa makarani wa kutia alama, tukihamisha barua za watu kutoka katika maandishi waliyoyaelewa kwenda katika maandishi waliyoyaogopa. Miongoni mwa waliotuandikia alikuwamo mzee mmoja, mstaafu wa masjala ya serikali, aliyejifunza taipu zama za mashine za chuma, na ambaye mradi ulimchukua kwa kuwa alizijua taratibu za leja ya stoo kuliko yeyote kati yetu. Barua zake zilikuwa na nidhamu ya pekee: kichwa cha habari alikiandika katika mstari wake, kisha akakipigia chini safu ya vistari vyenye urefu uleule; kila kipengele cha orodha alikitanguliza kwa nyota; neno alilotaka lisisahaulike alilizungushia nyota pande zote mbili; na baina ya aya na aya aliacha mstari mtupu. Siku moja nilimwuliza, "Mzee wangu, mbona haya usiyaandike mwenyewe katika wiki?" Akanijibu bila ya kuinua macho kutoka kwenye leja: "Mwanangu, mimi nimekwisha kuyaandika. Hiyo wiki yenu ndiyo haijui kusoma."

Jibu hilo, ambalo siku ile nililichukulia kuwa ni mzaha wa mtu mzima, lilikuwa karibu mno na fikra iliyokwisha kuwajia wengine mbali na kwetu. Desturi ya kuchanganya maandishi na maagizo ya kuyapamba ni kongwe katika ilimu ya kompyuta. Mwaka 1964 Jerome Saltzer wa MIT aliandika RUNOFF, ambayo mwandishi wake alitia katikati ya maneno yake mistari ya amri iliyoanza kwa nukta, na kwa miaka mingi baadaye mtindo ulikuwa ni huo, kwamba mwanadamu ajifunze amri, na mashine itii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkondo ukageuka. Dean Allen alitoa Textile, David Goodger akatunga reStructuredText kwa ajili ya watumiaji wa lugha ya Python, na mwaka 2004 John Gruber, mwandishi wa Marekani, akatoa Markdown, programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, akishauriana juu ya kanuni zake na Aaron Swartz, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 17. Gruber alieleza wazi ya kwamba chemchemi yake kubwa ilikuwa ni namna watu walivyozoea kuandika barua pepe, na sharti lake kuu lilikuwa kwamba maandishi yasomeke yalivyo, hata kama hayatageuzwa kamwe. Kwa hiyo katika Markdown nyota mwanzoni mwa mstari ni orodha, nyota pande mbili za neno ni mkazo, na safu ya vistari chini ya maneno ni kichwa cha habari. Kwa ufupi, ni khati ya masjala.

Shauri la kuiingiza Markdown katika wiki yetu lilipoletwa barazani, maoni yalikuwa matatu. Vijana waliokwisha kuizoea kwa kuweka kazi zao kwenye tovuti ya GitHub waliitaka bila mjadala. Mafundi wa Python waliitetea reStructuredText, nao walikuwa na hoja nzito, kwani Trac ilikwisha kuijua mradi tu iwekewe maktaba yake, na nyaraka rasmi za Python zenyewe zilikuwa zimehamia humo. Mmoja akakumbusha kuwapo kwa Creole, ambayo kanuni zake za toleo la 1.0 zilikamilishwa mwaka 2007 ili iwe lugha ya pamoja ya wiki zote. Fikra njema, ila hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa akiiandika. Msimamizi aliuliza swali moja tu, nalo ni lipi kati ya haya litahitaji kufundishwa kidogo zaidi kwa watu wa stoo, na hapo nikatandaza mezani barua za mzee zilizochapishwa, pasipo neno. Mafundi wa Python walizisoma, wakatazamana, na shauri likapita.

Namna ya kuitekeleza azma hiyo ndiyo iliyotaka busara. Kuna wiki ambazo lugha ya alama huchaguliwa mara moja kwa nyumba nzima, na huko ukibadili, kurasa zote za zamani huharibika sura kwa usiku mmoja. Trac ina njia ya upole zaidi: mwandishi hufungua mabano matatu ya mawimbi, katika mstari unaofuata akaandika #!markdown, na kuanzia hapo mpaka mabano yafungwe, maandishi hukabidhiwa programu-jalizi ya Markdown, ilhali yaliyobaki huendelea kusomwa kwa alama za kale. Hivyo lugha mbili zikakaa katika ukurasa mmoja bila ya kugombana, wala hatukulazimika kugusa yale ya mafundi waliokwisha kuondoka.

Hata hivyo programu-jalizi tuliyoanza nayo ilifuata kanuni za asili kwa herufi zake, na ugeni wake ukaonekana mara. Tiketi #12 haikuwa kiungo tena, maana humo ndani alama ya reli ina kazi nyingine; na ikitokea imeanza mstari, namba hiyo ilivimba ikawa kichwa cha habari kinachojaza upana wa kioo. Majina ya safu za hifadhidata, kama jina_la_dawa, yalipoteza vistari vyake vya chini, na silabi ya katikati ikalala katika herufi za mlazo, kwa kuwa mashine ilidhani mwandishi anatia mkazo. Fundi wetu akaandika msimbo mfupi wa kuzitafuta namba za tiketi na kuzifanya viungo kabla Markdown haijazifikia, nasi tukapitisha kanuni kwamba kila jina la safu lifungwe kwa alama za nukuu zilizoinamia nyuma, ambazo ndani yake hakuna kinachoguswa.

Barua ya kwanza ya mzee kuingizwa jinsi ilivyo ilihusu namna ya kutenga dawa zilizopitwa na muda wake. Ilitoka murua, vichwa mahali pake na orodha mahali pake, isipokuwa sentensi moja ya mwisho iliyokuwa imepigiwa mstari wa vistari kama alama ya kufunga waraka, nayo mashine ikaihesabu kuwa kichwa cha habari. Mzee alipooneshwa alicheka, akauliza tofauti ni nini, na alipoambiwa kwamba mstari mtupu mmoja katikati ungetosha, akasema hilo hata masjala wangelidai. Tangu hapo hakutuma tena barua. Aliandika mwenyewe, na wakufunzi, walipomwona, wakaacha kuja kwetu.

Mwaka 2014 John MacFarlane, mwalimu wa falsafa wa chuo kikuu cha Berkeley, pamoja na Jeff Atwood na wenzao, walitoa CommonMark, maelezo ya Markdown yasiyoacha jambo katika tashwishi, yakiwa na mamia ya mifano ya kipi kigeuke kuwa nini. Humo alama ya reli haifanyi kichwa cha habari pasipo nafasi baada yake, na kistari cha chini kilicho kati ya herufi si mkazo. Kwa washairi nako kulikuwa na faraja, maana Markdown ya asili ilitaka mshororo uvunjwe kwa nafasi mbili zisizoonekana mwishoni mwake, ambazo kila mhariri mwenye kupenda usafi alizifuta asijue; katika CommonMark mkwaju mmoja ulioinamia nyuma hutosha, na jicho huuona. Tuliibadili programu-jalizi, tukaufuta ule msimbo mfupi nusu yake, na ubeti wa ukurasa wa mbele ukaandikwa upya.

Sisemi ya kuwa hatukulipa gharama. Mgeni wa mradi hujifunza alama za aina mbili, kwa sababu tuliafikiana kwamba ukurasa wa kale usigeuzwe ila na yule anayeuhariri kwa haja ya yaliyomo, na zimo kurasa ambazo hazijapata haja hiyo mpaka leo. Makosa ya tahajia yameongezeka, na mafundi huyalalamikia. Lakini katika MwongozoWaStoo, ambao kwa miaka ulieleza kwamba mseto wa malaria uhesabiwe kwa boksi, mtunza stoo wa wilaya moja, ambaye hapo kabla asingethubutu kufungua kidirisha cha kuhariri, aliondoa neno moja akatia jingine, akaongeza chini yake mstari ulioanza kwa nyota: leja ya kituo huhesabu kwa dozi, na boksi hutofautiana. Sisi sote tuliojua alama za kale tulikuwa tumelisoma neno hilo mara nyingi, tukaliona limepambwa vizuri, tukalipita. Nenosiri la mtunza stoo huyo lilikuwa ni lilelile alilopewa mwaka wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba sasa alipofungua ukurasa aliona maneno ya leja yake, yakiwa yameandikwa kama yeye mwenyewe angeyaandika.