Hodi Kabla ya Matofali

Jumapili moja, baada ya Misa, tulivuka mto Lualaba pamoja na wanafunzi wachache, tukitoka Kindu mjini kwenda Alunguli, ng'ambo ya mashariki. Mpiga kasia wetu alikuwa Mgenia, mmoja wa wale wavuvi ambao mto kwao ndio shamba. Nyuma yetu tuliacha stesheni ya reli na mapaa ya mabati. Mbele yetu moshi wa majiko ulipanda juu ya minazi na michikichi.

Mtumbwini mwanafunzi mmoja alituuliza neno lililomsumbua tangu somo la jiografia. Tulikuwa tumewaeleza habari za Wamasai wa Ngorongoro, katika Tanzania, waliohamia kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, yapata kilomita 600 kutoka kwao. "Mwalimu," alisema, "mtu akipewa nyumba ya matofali bila kulipa, ana sababu gani ya kusikitika?"

Swali hilo si la kitoto. Familia za kwanza zilifika Msomera mwezi wa Juni 2022. Kila kaya ilipewa nyumba ya vyumba vitatu, yenye kuta za matofali ya saruji na paa la bati, katika kiwanja cha eka mbili na nusu, pamoja na shamba la eka tano. Serikali ilieleza kwamba watu na mifugo wamezidi mno huko Ngorongoro, na kwamba anayehama huhama kwa hiari yake. Nasi tunaojua taabu ya kuezeka upya kila majani yanapooza, hatuwezi kulidharau paa la bati.

Lakini nyumba ya Kimasai si kuta tu. Mjenzi wake ni mwanamke: hukata fito, huzipinda, kisha huzikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Kila mke ana nyumba yake, na nyumba zote hulizunguka zizi, ili ng'ombe walale katikati, wasifikiwe na simba wala fisi. Je, wake watatu na watoto wao wataishije katika nyumba moja? Malalamiko ya namna hiyo yalitajwa na shirika la Human Rights Watch katika taarifa yake ya 2024. Hata wenyeji wa Msomera walilalamika kwamba ardhi yao iligawiwa bila wao kuulizwa. Tena, wengi wa waliohama ni wana na wajukuu wa watu walioondolewa Serengeti, wakaachiwa Ngorongoro mwaka 1959 kuwa makao yao.

Tulipofika Alunguli, mzee mmoja alitukaribisha barazani, nasi tukamwachia mwanafunzi aulize tena. Mzee alitazama nyumba zilizopangwa mstari mmoja kandokando ya njia.

"Mjukuu wangu," alisema, "baba yangu alinisimulia jinsi Wabelgiji walivyowatoa watu msituni na kuwapanga barabarani, wapate kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwapima malale. Dawa ya malale ilikuwa njema. Lakini makaburi ya wazee yalibaki msituni, na hakuna aliyemwuliza baba yangu kama mashamba yake yataweza kumfuata."

Katika kurudi, mtumbwi ulikuwa kimya. Tulifikiri juu ya waraka wa marehemu Papa Fransisko, Laudato si', wa mwaka 2015, unaofundisha kwamba wenyeji wa asili wawe wa kwanza kushauriwa pale mipango mikubwa inapoigusa nchi yao. Mafundisho haya yanatuhusu sisi pia. Mara ngapi parokiani tumemjengea mjane chumba bila kumwuliza mlango uelekee wapi?

Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na nchi, alipotaka kukaa kati yetu alimtuma Malaika nyumbani kwa Bikira Maria, akangoja jibu lake. Basi ikiwa Mungu alipiga hodi, mwanadamu ni nani hata aingie kwa mwenzake bila kubisha?