Umeme wa mchana, umeme wa jioni

Sisi walimu tunapokea daftari zenye kazi ya nyumbani nusu. Jioni kila mtu anataka umeme kwa pamoja: taa, simu, mashine ya kusaga. Mchana jua linawaka, lakini betri ya sola ikisha kujaa, umeme unaozidi hauna pa kwenda.

Umeme ukiwa na bei moja siku nzima, hakuna anayehama jioni. Bei ya saa sita mchana ikishuka, tutasaga muhogo saa hiyo, na jioni umeme utabaki kwa taa za watoto. Mwenye sola naye atauza kile ambacho kingepotea.

Kule Luviro, Kivu ya Kaskazini, kituo cha umeme wa maji cha Virunga kilikuwa na umeme kuliko wanunuzi. Mwaka 2020 sehemu yake ilianza kuendesha kompyuta za bitcoin. Sisi Aru hatuhitaji bitcoin. Tuna muhogo, mahindi na samaki wa kuweka ndani ya frigo.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 inaruhusu watu binafsi, si SNEL peke yake, kuomba kibali cha kuzalisha na kuuza umeme. Basi mwenye kuuza akifika kwetu, tumuulize kwanza: mchana ni bei gani, jioni ni bei gani?

Kabla ya hapo, kila kikundi kiandike: tunasaga saa ngapi, mifuko mingapi kwa juma, na kazi gani inaweza kuhamia mchana. Anayejua hesabu yake hapangiwi bei na mwingine.