Karatasi za Daftari

"Kutoka kwenye mnazi mpaka choo cha jirani." Hivyo ndivyo mipaka ilivyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, chini yake dole gumba la muuzaji na sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi. Mwaka 2009 nilikuwa wakili kijana mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Dar es Salaam, nikimtetea mtu aliyedai kiwanja hichohicho. Nikamuuliza mama mwenye karatasi: mnazi uko wapi? Ulikatwa. Na choo? Kilijaa, kikafukiwa. Nikakaa. Kesi ilikwisha pale, na jioni wenzangu walinipongeza kwa chipsi na soda.

Enzi hizo kwangu nyumba ilikuwa hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 niliijua kifungu kwa kifungu. Leseni za makazi, zilizoanza kutolewa jijini katikati ya miaka ya 2000 kwa wenye nyumba kwenye maeneo yasiyopimwa, niliziona nusu mkate kwa ufupi wa muda wake. Kwenye mabaraza ya kata sikukanyaga kikazi, kwa kuwa sheria haikuruhusu mawakili kutetea watu huko, wala sikuona nimekosa kitu.

Kilichonitoa ofisini ni jeneza. Jirani yetu alifariki, na siku ya maziko jeneza likakwama kwenye kona kati ya nyumba mbili. Wanaume wakalinyanyua likapita juu ya ukuta, limeinama upande, wajane wakitazama. Nilijipanga ukutani kuwapisha, nikawaza kwamba wenye kuta zile wote wana karatasi zao, na hakuna hata mmoja ningeweza kumshtaki. Mwaka 2015 nikagombea udiwani.

Kazi iliyonikalisha macho ni urasimishaji. Serikali iliweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, nami nikasimama mkutanoni nikawahimiza watu walipe kampuni ya upimaji. Wakalipa. Kampuni ikapima mtaa mmoja na nusu, kisha simu zao zikawa hazipatikani. Bikoni hazikusimikwa, na waliodaiwa si wao, ni mimi. Kwa miezi kadhaa nilienda sokoni alfajiri, kabla watu hawajajaa.

Tulipoanza upya, shida ilikuwa njia. Kila mwenye nyumba alitakiwa kurudi nyuma kidogo ili gari la wagonjwa na la maji taka lipite, na fidia haikuwapo kwenye bajeti ya yeyote. Uwakili wangu haukunisaidia hapo. Zilizosaidia ni karatasi za daftari. Wazee walizileta ofisi ya mtaa ndani ya mifuko ya nailoni, tukazipanga mezani: huyu mpaka wake ni choo cha yule, yule mpaka wake ni mnazi wa huyu. Zikisomwa moja moja hazikuwa na maana. Zilipolala pamoja, njia ya zamani ikaonekana, ile ambayo kila mmoja alikuwa ameimega hatua moja. Mzee mmoja akatoka nje, akachomeka fimbo ardhini. "Mnazi ulikuwa hapa." Hakuna aliyebisha, na mpima akaweka rangi.

Nilikuwa nimeshautambua ule mnazi kabla ya kumwona mama mwenyewe, amesimama nyuma ya wengine. Mteja wangu wa zamani alishauza, na juu ya kiwanja kulikuwa na ghorofa moja. Muda wa rufaa ulikwisha siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wakili." Wengine wote wananiita Mheshimiwa.

Sikuwa na la kumwambia. Yeye alikuwa nalo. Siku hizi amepanga chumba mitaa miwili kutoka pale, na mwenye nyumba, tangu aambiwe hati inakuja, amepandisha kodi na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Je, sheria inamruhusu?

Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Nilimweleza hivyo, nikasikia sauti yangu ya barazani. Akakunja karatasi yake, akaniambia basi twende wote nikamwombe huyo baba apokee ya miezi mitatu. Tukaenda, yeye mbele, kwa sababu njia anaijua.