Tundu la Sindano

Kasongo, Jumapili 1 Desemba 2019
Mpwa wangu aliyeko Norwei ametuma ujumbe wa sauti. Kazi yake ni kuwatunza wazee, na anasema tangu jana wazee hao hawataki chai wala dawa: msimu wa biathloni umefunguliwa Östersund, Uswidi. Wachezaji wanateleza juu ya theluji, ski miguuni na bunduki mgongoni; wanasimama, wanalenga vibao vitano, wanaondoka tena mbio. Leo ameshinda kijana wao, Johannes Thingnes Bø. Nimesikiliza mara mbili, kisha nikazima simu, maana moto wake ulikuwa unakwisha.

Alhamisi 5 Desemba
Jana, anasema mpwa, ameshinda Mfaransa, Martin Fourcade. Nimemuuliza ukubwa wa kibao. Ukipiga umelala, milimita 45. Ukipiga umesimama, 115. Umbali ni mita 50. Nikachukua tepu yangu ya kushonea, ile ya sentimita 150, nikaivuta mara thelathini na tatu na kidogo, toka mlangoni hadi ng'ambo ya uwanja wa jirani. Huko nikachora duara la chaki kwenye mwembe, kama kifungo kikubwa cha koti. Niliporudi mlangoni sikuliona.

Mama mmoja kutoka Kabambare, aliyekuja kupimwa gauni, aliniangalia muda wote huo. Nikamweleza.
"Bale batu na bunduki zabo, banafukuza nani?"
"Hakuna mutu, mama. Banapiga kibao tu."
Hakujibu upesi. Kwao bunduki ikionekana njiani, watu hawangoji kuuliza. Mwishowe akasema, "Basi bakuje na huku, batufundishe kupiga kibao."

Jumamosi 28 Desemba
Bonana, yaani Mwaka Mpya, imekaribia, kila mtoto wa Kasongo anataka nguo mpya. Usiku wa jana, kwa haraka, nimeushona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Nikakaa kufumua uzi mmoja mmoja, taa mdomoni. Kwenye biathloni, kila risasi inayokosa ina adhabu: unazunguka kinjia cha mita 150, wenzako wanapita. Kuna na mbio ambazo huzunguki, unaongezewa dakika nzima. Mimi ule mkono umenila nusu saa.

Jumapili 19 Januari 2020
Bø hakuonekana Oberhof wala Ruhpolding, kule Ujerumani. Amebaki nyumbani, mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza. Mbio nne zimempita, na jezi ya njano ya anayeongoza sasa iko kwa Fourcade, aliyewahi kuwa bingwa wa msimu mara saba mfululizo. Nimewasimulia wanaonizunguka hapa kwenye cherehani. Wamecheka: mwanaume aache kazi kwa sababu mke amezaa?

Mimi sikucheka. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mimi niko Kabambare, na baiskeli na vitenge vya kuuza. Nilimwona siku ya tisa, ameshapewa jina.

Jumapili 23 Februari
Mashindano ya dunia yamekwisha leo Antholz, Italia. Jumatano Fourcade alichukua dhahabu, Bø akamfuata. Leo dhahabu ni ya Bø. Nami nimejaribu yangu. Nimeizunguka nyumba mara tatu mbio, kisha nikaketi kutunga uzi kwenye sindano tano, watoto wakihesabu. Nimepata mbili. Mkono hautetemeki sana. Ni kifua kinachousukuma. Mpwa anasema wenye mchezo hupunguza mwendo kabla ya kufika, na hufyatua katikati ya pumzi mbili. Nikarudia hivyo: sindano tano, zote tano. "Papa, bengine banafika zamani!" watoto wakapiga kelele.

Jumapili 15 Machi
Msimu umekatwa. Ni korona. Nové Město, kule Cheki, walishindana bila watazamaji. Oslo, palipokuwa pafanyike mbio za mwisho, pamefutwa. Hata Kinshasa ugonjwa umeingia, tangu tarehe 10. Basi kila kitu kimeishia jana Kontiolahti, Ufini. Fourcade alitangaza Ijumaa kwamba anastaafu, na jana akashinda mbio zake za mwisho. Bø alikuwa wa nne. Lakini kwa jumla ya msimu: Bø 913, Fourcade 911.

Mpwa anasema wazee hawakushangilia papo hapo. Viti vyao vimetenganishwa, na mmoja alikuwa anajumlisha kwa penseli nyuma ya kalenda. Alipoinua kichwa ndipo wakapiga makofi.

Jioni mwanangu wa kwanza amepita na watoto wake. Nikamweleza: mbio nne Bø alizikosa kwa ajili ya mtoto, na bado amepita kwa pointi mbili. Akanyamaza, akimtikisa mdogo magotini.
"Na wewe, Papa, ile safari ya Kabambare ilikuletea nini?"

Alipoondoka nimelitafuta daftari la mwaka ule. Vitenge kumi na moja vimeuzwa. Vitatu kwa deni.