Mhadhiri na Hadhira Yake

Wapo wanafunzi, na si wa mwaka wa kwanza pekee, wanaoamini kwamba neno mhadhiri limezaliwa na hadhi. Nimekumbana na dhana hii mara nyingi kiasi cha kuiona kuwa si suala la etimolojia tu, bali ni maoni kuhusu kazi yetu. Wengine hulihusisha na tahadhari, na ukizitazama nyuso zao wakati wa mitihani huwezi kuwalaumu. Maneno hayo matatu yametujia kutoka Kiarabu, lakini huko huandikwa kwa herufi tatu mbalimbali, ambazo Kiswahili kimezikusanya katika dh moja. Undugu wao basi ni wa sikio, si wa damu.

Nasaba halisi ya mhadhiri ni kuhudhuria. Shina hilo ndilo lililotupa hadhara, mahudhurio na hadhira. Mhadhiri, kwa asili, ni yule aliyepo mbele ya waliopo. Hapa ndipo anapotofautiana na mwalimu, ambaye jina lake linatokana na elimu, na ambaye kwa hiyo hutambulishwa kwa alicho nacho. Mwanachuoni naye ana historia yake. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu: Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Mwanachuoni ni mwana wa kitabu hata awe na mvi, ilhali mwanachuo wa leo ni kijana aliyesajiliwa juzi. Napenda kwamba wawili hao wanaitwa wana.

Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tulipaswa kuliona jambo hili mapema kuliko wenzetu wa vitivo vingine. Tunawaambia wanafunzi kila mwaka kwamba fanani hakamiliki bila hadhira. Kwamba hadhira huitikia, huuliza, hucheka, na hata humkosoa msimulizi anapoboronga. Tunayasema haya kwa saa mbili mfululizo mbele ya watu mia tatu walioinamisha vichwa wakinakili. Hatimaye karatasi ya mahudhurio huzungushwa, nao hutia sahihi kuthibitisha kwamba walikuwepo. Sijui ni fanani gani mwingine anayehitaji ushahidi wa aina hiyo.

Cheo kimelimeza neno. Tuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki na profesa; na katika ngazi hiyo ndefu hakuna kidato kinachopandwa kwa sababu ya kuhudhuria. Viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 vilimtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Sina ugomvi na uzamifu, nami niliupata kwa jasho. Lakini tulisikilize neno lenyewe: limetokana na kuzama. Mzamifu hutoweka chini ya maji, peke yake, akitafuta kitu. Mhadhiri hana budi kuonekana. Ni kazi mbili, na kupewa ya pili kwa sababu ya kuimudu ya kwanza ni mantiki ambayo tungeitilia alama ya kuuliza katika tasnifu ya mwanafunzi yeyote. Wakati huohuo mihadhara mingi hubebwa na wahadhiri wa muda, ambao hukimbia kutoka bewa hadi bewa na kusubiri malipo kwa miezi. Hao ndio wanaohudhuria hasa, na ndio wasio na cheo.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliingia katika intaneti. Nilihadhiri mbele ya majina. Niliuliza swali kuhusu mighani, nikasubiri, jogoo akawika nyumbani kwa mmoja wao. Huo ndio uitikio pekee nilioupata asubuhi hiyo, nami niliushukuru.

Jambo moja zaidi. Hakuna mtu anayeniita Mhadhiri. Neno hilo huandikwa mlangoni na katika barua za ajira, lakini halitumiki kumwitia mtu. Jaribu kulitamka ukumbini uone. Mwanafunzi anayeomba muda zaidi wa kuwasilisha kazi huniita Profesa, cheo ambacho sijapewa. Yule aliyesoma kitabu na kuja kunibishia huniita Mwalimu.