Paracho: Mji wa milimani ambako gitaa hulipa ada ya shule

Mtoto aliyetazama filamu ya katuni ya Coco, iliyotoka mwaka 2017, hawezi kulisahau lile gitaa jeupe lenye fuvu kichwani. Wazazi nao wameiona filamu hiyo mara nyingi kuliko walivyotaka. Wachache wanajua kwamba aliyelibuni gitaa hilo ni fundi Germán Vázquez Rubio, mkazi wa Los Angeles ambaye alizaliwa Paracho, mji mdogo katika jimbo la Michoacán, magharibi mwa Mexico.

Paracho upo nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Ni nchi ya Wapurépecha, watu wenye lugha yao waliokuwapo kabla Wahispania hawajafika. Asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta. Kutoka mji wa Uruapan, basi huchukua saa moja hivi, na mgeni akishuka hahitaji kuuliza watu wanaishije hapa: magitaa yamening'inia mbele ya maduka kama mikungu ya ndizi.

Wenyeji husimulia kwamba mambo yalianza karne ya 16, wakati Vasco de Quiroga, askofu wa kwanza wa Michoacán, alipohimiza kila mji uwe na ufundi wake. Santa Clara walishika shaba, na mpaka leo wanafua masufuria. Paracho walishika mbao.

Mgeni anayetarajia viwanda vikubwa atashangaa. Karakana nyingi ni chumba cha nyuma ya nyumba, au kibanda uani, hatua chache tu kutoka jikoni. Baba anakata, kaka anapinda mbavu za gitaa, mtu mwingine anapiga msasa. Nyumba nyingine haitengenezi gitaa zima kabisa: inatengeneza shingo tu, au vile vigae vidogo vya mbao za rangi vinavyozunguka tundu la sauti, na kuwauzia majirani.

Mpango huo una akili. Kijana anayeanza hahitaji mtaji wa karakana nzima. Anahitaji meza imara ya kazi, randa, patasi kali, msumeno wenye meno madogo, kiolezo cha umbo la gitaa, vibanio vingi (fundi hajawahi kusema vibanio vinatosha) na bomba la chuma linalopashwa moto. Ubavu wa gitaa ni ubao mwembamba wa milimita 2 hivi. Fundi huulowesha maji, kisha huukandamiza polepole kwenye bomba hadi ukubali kupinda. Akiwa na haraka, unavunjika, na pesa ya mbao imepotea.

Kinachomla mtu mtaji hasa ni mbao zenyewe, kwa sababu lazima zikae. Ubao uliokatwa juzi haufai. Hupangwa darini au kwenye rafu, hewa ikipita katikati, kwa miezi na mara nyingi kwa miaka, mpaka unyevu utoke. Nyumba yenye shida haiwezi kusubiri hivyo, na hapo ndipo tofauti kati ya fundi mwenye jina na fundi wa bei rahisi huanza. Wote wawili wana mikono mizuri. Mmoja tu ndiye ana mbao alizoziweka mwanawe alipokuwa darasa la kwanza.

Hesabu nayo ipo, na mzazi mwenye mtoto anayeuliza faida ya hisabati angefurahi kuiona. Gitaa la nyuzi za nailoni kwa kawaida lina urefu wa milimita 650 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja la nyuzi. Fundi huugawa urefu huo kwa 17.817 ili kupata mahali pa kipande cha kwanza cha chuma, yaani milimita 36.5 hivi. Kisha anachukua urefu uliobaki, anaugawa tena kwa namba ileile, na kuendelea hivyo. Kipande cha 12 lazima kiangukie katikati kabisa, milimita 325. Kisipoangukia hapo, gitaa litatoa sauti mbovu hata likipakwa vanishi ya namna gani.

Paracho hawatengenezi magitaa ya kawaida tu. Hutengeneza pia besi za nchi yao. Maarufu zaidi ni guitarrón, ile yenye tumbo kubwa ambayo huonekana kwenye vikundi vya mariachi. Ina nyuzi sita, haina vipande vya chuma shingoni, na mpigaji mara nyingi huvuta nyuzi mbili kwa pamoja ili isikike bila umeme katikati ya tarumbeta na fidla. Kwa ukubwa wake mtu angedhani ni nzito kama kabati, lakini uso wake huchongwa kwa tacote, mti mwepesi wa Mexico, na mgongo kwa mwerezi wa hukohuko. Lazima iwe nyepesi, maana mpigaji wake hutembea nayo usiku mzima.

Watoto hukulia humohumo. Wa miaka saba anafagia maranda, wa kumi anashika upande wa pili wa ubao. Jambo hili lina uzuri wake na hatari yake. Vumbi la mbao ngumu huwasha macho na kuingia kifuani, na vanishi ina harufu isiyofaa kwa mtoto anayelala chumba cha pili. Karakana iliyo ndani ya nyumba inahitaji mlango unaofungika, dirisha na barakoa, na mashine isiyoguswa na mtoto. Hilo ni kweli Paracho kama ilivyo kweli kwa seremala wa Keko au Gikomba.

Swali gumu zaidi mezani ni kama mtoto ataendelea na kazi hiyo. Magitaa ya viwandani kutoka China yanauzwa kwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kuifikia, na Marekani iko karibu, imewavuta vijana wengi wa Michoacán. Filamu ya Coco ilileta ahueni: karakana nyingi zilipata oda za gitaa jeupe, mengi yakiwa madogo ya watoto. Lakini gitaa la ukumbusho halimfundishi kijana ufundi. Linamfundisha kupaka rangi nyeupe.

Msitu nao umepungua. Milima ya Michoacán ilikuwa ya misonobari, na mahali pengi sasa ni mashamba ya maparachichi. Katika mji jirani wa Cherán, mwezi Aprili 2011, wanawake walitangulia kuwazuia wakata magogo haramu, na watu wakaweka vizuizi barabarani na kulinda msitu wao wenyewe. Tangu hapo Cherán unajitawala kwa mila zake, bila vyama vya siasa.

Kwa mbao za thamani, sheria imebana dunia nzima. Mwaka 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, inayopendwa kwa migongo ya magitaa, iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa; mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa. Mpingo wa Kilwa na Lindi ni wa jamii hiyo. Wengi wanaujua kwa vinyago vya Wamakonde, na Ulaya wanaujua kwa klarineti, lakini mafundi wa magitaa pia huutumia.

Anayetaka kuuona mji ukiwa umechangamka aende Agosti, wakati wa tamasha la gitaa. Agosti pia ni msimu wa mvua huko, kwa hiyo mwenye kununua aulize gitaa limegundishwa lini na limehifadhiwaje. Akilileta Mombasa au Tanga, mbao zitavimba kidogo kwa unyevu wa bahari. Akilipeleka Dodoma na kulitundika ukutani mwezi wa Septemba, zinaweza kupasuka. Mahali pake ni ndani ya kasha, mbali na jua na buti la gari, na kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye kisanduku chenye matundu kando yake.