Dili niliyoikataa
Wasee, mwezi jana nilipewa dili nitangazie akina mama wajawazito vidonge vya probayotiki. Pesa ilikuwa poa, na kodi ya nyumba ilikuwa imenikaba koo. Lakini dadangu ana mimba ya miezi sita. Nikajiuliza: yeye ningempa? Mimi niliacha chuo, si daktari.

Tukaenda kliniki. Nesi akamwambia, "Mama, kama uko na afya, hizi bakteria kwa kawaida hazina shida, hata ukinyonyesha. Mwenye kinga dhaifu ndiye aone daktari kwanza. Mala ya dukani sawa. Maziwa mabichi hapana, yanaleta brusela."

Hayo maswali, waliotaka nitangaze hawakuniambia niulize. Dili nikakataa. Dadangu anakunywa mala yake. Wewe usimeze kitu juu nimekishika kwa kamera. Uliza kliniki kwanza.